Wimbo Waliomwimbia Wamboga

Mume wangu Wamboga ni askari jela hapa Jinja, na kwa miaka sita kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kuangusha watu. Alichezea timu ya raga inayoitwa Mawe, nusu yao askari jela, nusu vijana wa mjini. Hakuwa na mbio. Alikuwa na bega. Mtu akija na mpira, Wamboga alishuka kidogo, kisha akapanda naye, na bega likaingia chini ya kidevu. Mlio wake niliujua hata nikiwa nimegeuka kumfunga mtoto mgongoni: kama gunia la mahindi likidondoka kutoka kwenye lori. Watu walipiga kelele, "Afande! Mfungie ndani huyo!"

Nyumbani, mtaa wa Nalufenya, mtu huyo huyo alikuwa akimkata mtoto wetu Janepher kucha kwa meno yake, taratibu, kwa kuogopa wembe.

Mwezi wa tano walikuja Nyuki, timu ya Mbale. Walikuwa na kijana mmoja, Shafik, muuza vipuri vya magari, mwepesi sana. Mara mbili alimpita Wamboga na kumcheka. "Afande, wafungwa wako wanatoroka!" Mara ya tatu Wamboga alimngoja. Bega lilimpata Shafik mdomoni, na vichwa vyao navyo vikagongana. Shafik alianguka chali, damu ikamjaa puani, akatema meno mawili kwenye nyasi. Refa akatoa kadi ya njano, akakaa nayo mkononi bila kujua ampe nani, kwa sababu Wamboga naye alikuwa chini.

Alipoinuka, alianza kutembea kuelekea goli letu wenyewe.

Nesi wa timu ni Sista Gorreti, mwanamke wa Lira, hana hata mwaka hapa kwetu. Mchezaji akigongwa kichwa humwuliza maswali matatu. Tuko wapi? Matokeo ni ngapi? Wiki iliyopita mlicheza na nani? Akikosa moja, anatoka. Lakini Mawe walikuwa na desturi yao. Karibu nusu ya timu ni Wagisu, na kapteni wao, Andrew, yeye na Wamboga walitahiriwa siku moja, mwaka 2014, ua mmoja, ngariba mmoja. Kwetu kijana wa imbalu, tohara yetu, husimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na ndugu zake humwimbia ili asitikisike. Basi mwenzao akigongwa, Mawe walimzunguka na kumwimbia hivyo hivyo, kwa Kigisu. Sista alidhani ni maombi. Alikuwa akiinamisha kichwa.

Mimi ni Mgisu. Nilisikia walichokiimba. "Simama, ndugu yetu, simama hapa Jinja! Sisi kumi na saba, wao kumi na mbili! Jumamosi ile tuliwachapa wa Tororo!"

"Tuko wapi, afande?" Sista akauliza.

"Jinja."

"Ngapi ngapi?"

"Kumi na saba, kumi na mbili."

"Na wiki iliyopita?"

"Tororo."

"Mzima huyu," akasema Sista. Wakarudi kugongana.

Jioni ile Wamboga alimimina chai kwenye jiko la mkaa. Majivu yalipanda hadi darini. Akayatazama, kisha akaniuliza, "Nani kamwaga?" Siku ya tatu alitapika kabla ya kwenda kazini. Siku ya tano mtoto alilia kidogo tu, akidai uji, na Wamboga akauvunja mlango wa kabati kwa ngumi. Akalivunja na beseni. Nilipomsogelea alinikamata mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi, macho yake yakiwa yananitafuta kama mtu aliye ndani ya moshi.

"Baba Janepher, ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema. Hakuniachia upesi.

Nikamfuata Sista Gorreti. Sikumwambia habari za wimbo, niliogopa. Nilimwuliza tu, mtu akigongwa, akapona nusu, akagongwa tena, inakuwaje? Alinitazama kwanza. "Mama Janepher, ubongo ukivimba haurudi. Pigo la pili linaua. Nimeona Lira, kijana alitembea hatua nne akaanguka."

Mechi ya marudiano Mbale ilikuwa imebaki wiki moja.

Siku hizo hizo chama cha raga cha mashariki kilileta barua ya sheria mpya, kila timu ipige kura. Mchezaji atakayegonga mtu juu ya mabega, nje msimu mzima. Atakayegongwa kichwa, nje wiki tatu, apende asipende, na maswali ayaulize daktari, faraghani. Andrew aliisoma barua kantini. Mimi nilikuwa pale na birika la chai.

"Juu ya mabega?" mmoja akasema. "Basi tuwapige miguu, tuwafunge na kamba za viatu kabisa."

"Sasa hii raga au kwaya?"

"Faraghani! Labda na paja utafunua!"

Walicheka hadi wakapiga meza. Andrew akasema, "Mimi kisu kilinipita na jicho langu halikupepesa. Leo mtu aje aniulize maswali ya watoto wa nasari? Anayekubali sheria hii ainue mkono." Hakuna. "Anayekataa?" Wamboga aliinua mikono yote miwili, na mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka. Niliuona. Andrew naye aliuona, nina hakika, kwa sababu aliangalia barua upesi.

Nilimvizia Andrew mlangoni. "Shemeji, nakuomba, usimpange Mbale. Anatapika."

"Amekutuma yeye?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Unataka huko nyumbani waseme Wamboga amejificha kwa mkewe?"

Nikamwambia Wamboga mwenyewe. Alikuwa akipaka viatu vyake mafuta. "Nikibaki hapa," akasema, "nitakuwa nani?"

Mbale nilikwenda nikiwa na mtoto, nikalala kwa dada yangu, mtaa wa Nkoma. Uwanjani walikuwa wamejaa, wengi wao vijana wa gereji kutoka mtaa wa Industrial, wamekuja kwa ajili ya Shafik. Na Shafik alikuwepo, mdomo umeshonwa, pengo wazi. Kabla ya filimbi alimsogelea Wamboga. "Afande, nimekuletea risiti ya meno."

Wamboga alimtazama kama mgeni. Nilijua hakumkumbuka.

Siku ile hapakuwa na mchezo, palikuwa na kupigana tu. Dakika ya kumi mtu wa Nyuki alitolewa na sikio lililochanika. Mmoja wetu alikanyagwa mkono mbele ya refa, nikasikia kidole kikivunjika. Watu wa gereji walikuwa wakiimba, "Jino kwa jino!" Kila Wamboga alipoinama, alichelewa kuinuka. Nilihesabu pumzi zake kwa mbali, kama nilivyokuwa nikihesabu za mtoto alipokuwa na malaria.

Kisha Shafik akapata mpira. Safari hii hakumkimbia Wamboga, alimkimbilia. Aliinua kiwiko. Kiwiko kilimpata mume wangu kwenye panda la uso. Alianguka mikono ikiwa imenyooka mbele, migumu, kama anayesukuma ukuta.

Nyuki walimrukia Shafik kumkumbatia. Mawe wakawarukia Nyuki. Ngumi, mateke, mate. Refa alianguka. Katikati ya fujo hiyo Andrew na wengine wanne walimwinua Wamboga, wakamzunguka, wakaanza wimbo.

"Simama, ndugu yetu, simama hapa Mbale! Wao kumi, sisi nane!"

Sista Gorreti alikuwa anakuja na mfuko wake, tayari ameinamisha kichwa.

Niliruka kamba. Mtu mmoja alinivuta leso, nikaiacha. "Sista! Hawaombi! Wanamtajia majibu! Kila siku wanamtajia!"

Wimbo ukakatika. Mmoja wa Mawe alinisukuma kifuani, mtoto akagonga kichwa chake mgongoni kwangu akapiga ukelele. "Nani kamleta huyu? Toka, mchawi we!"

"Nyamazeni wote!" Sista alikuwa mdogo kwa umbo lakini sauti aliitoa kama ya askari jela. Akamshika Wamboga mashavu. "Afande. Tuko wapi?"

Wamboga alimtazama Andrew. Andrew alifungua mdomo, akaufunga.

Ndipo mume wangu akanyooka. Alitenganisha miguu, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akakaza macho mbali, juu ya vichwa vya watu. Nimeona vijana mia wakisimama hivyo. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye ndevu.

"Mwiteni ngariba," akasema kwa Kigisu. "Niko tayari. Baba ameshaingia uani?"

Baba yake alikufa zamani.

Hakuna aliyecheka. Hata wa gereji waliacha kuimba, maana wengi wao ni Wagisu na waliona alichokuwa anakingoja. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, na hakupepesa. Andrew alimshusha mikono mmoja mmoja. "Imekwisha," akamwambia. "Umekwisha kutahiriwa. Twende ukakae." Hatua ya tatu magoti yalimwishia, wakambeba.

Hospitalini walimtoboa fuvu kutoa damu. Siku mbili hakuamka. Siku ya tatu alifumbua macho, akaniona, akasema jina langu, "Nabifo," na kesho yake akasema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Alikuwa ameshaambiwa, sijui na nani. Nilimpa uji. Alikisukuma kikombe, uji ukamwagika kitandani. Daktari alikuwa amekwisha kusema: raga basi, maisha yake yote.

Jioni Andrew alikuja, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi.

"Nilitikisika?" Wamboga akamwuliza.

"Hapana. Hukutikisika."

Wamboga akageukia ukutani, akalala.

Nje mlangoni Andrew aliniambia bila kuniangalia, "Jumatatu napeleka barua kwa chama. Mawe tumeikubali ile sheria. Sijawauliza wenzangu."

"Sawa, shemeji."

"Lakini wewe uwanjani usikanyage tena. Watakuumiza."

"Sawa," nikasema, nikarudi ndani kubadilisha shuka.