Mzee Oyoo na Gari la King'ora

Watu wakisikia kwamba mimi ni polisi wa akiba hucheka kwanza, kisha huuliza kama nina bunduki. Sina. Nina duka la nafaka Dagoretti, nina sare mbili za serikali, na siku tatu kwa wiki naendesha gari la polisi kwa hiari yangu, bila mshahara. Anayeona huo ni ujinga akae na maoni yake. Jina langu ni Mwihaki. Lakini sitaki kusimulia habari zangu. Nataka kusimulia za jirani yangu Zedekiah Oyoo, ambaye kituoni tulimwita Mzee Oyoo, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na mgongo wake ulinyooka kuliko wa vijana wengi ninaowajua.

Kabla ya haya yote aliendesha lori la maji. Unayajua yale malori ya buluu yanayopeleka maji kwenye magorofa ya Kilimani mifereji ikikauka. Mke wake, Peres, alikuwa msafishaji katika ofisi moja ya Upper Hill, na jioni alikuwa akimngoja kwenye kituo cha basi karibu na hospitali kuu, kitambaa cha kijani kichwani, mpaka lori litokee. Kampuni ilikataza kubeba abiria. Oyoo alimbeba hivyo hivyo, na Peres alikuwa akikaa juu kule mbele kama mke wa waziri. Niliwaona mara nyingi wakirudi nyumbani wakicheka mambo ambayo hawakuyaeleza mtu. Tulikuwa ploti moja, nyumba zinazopakana, na ukuta kati yangu na wao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wakikaanga dagaa wa omena mimi ndiye niliyepiga chafya.

Peres alikufa miaka minne iliyopita. Hakuugua sana. Oyoo alimpeleka kumzika Siaya, akarudi na begi lake, akafungua kufuli, akaingia ndani. Binti yao wa pekee ameolewa Mombasa, na humpigia simu Jumapili baada ya kanisa. Tangu siku ile, ukiondoa simu hiyo ya Jumapili, sikusikia tena sauti upande wa pili wa ukuta. Si redio, si kikohozi. Nikimsalimu asubuhi aliinua mkono tu. Halafu kampuni ya maji ikauza malori yake, akakosa hata pa kwenda.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa polisi wa akiba. Nilikuwa nimechoka na ule ukimya, na mimi nikichoka huwa nawapangia watu maisha bila kuwauliza. Nilimwambia wanatafuta madereva wa kujitolea, watu wazima wenye akili timamu. Alivaa viatu, akanifuata.

Sasa, kituoni kuendesha kuna ngazi zake. Eti unajua kuendesha? Nairobi nzima inadai inajua. Polisi walioajiriwa na hata sisi wa akiba, sote tunaanzia daraja la kwanza: peleka gari gereji, kajaze mafuta, kachukue chakula cha mahabusu. Taa nyekundu unasimama kama raia yeyote, king'ora hukigusi, mshukiwa hapandi gari lako. Mara nyingi unaenda peke yako na kurudi peke yako. Daraja la pili ndilo la king'ora. Mtu akipiga simu kwamba anavamiwa, wewe ndiye unayepenya katikati ya magari, na ukikosea unaua. Juu yake kuna la tatu, la kukimbiza majambazi, lakini hilo ni la walioajiriwa peke yao. Tena kuna jambo moja linaloniudhi hadi leo. Aliyeajiriwa akianguka mtihani wa daraja la pili, anarudia mpaka mkubwa wake achoke. Wa akiba ana nafasi mbili. Ukianguka ya pili, unabaki la kwanza hadi siku utakayorudisha sare.

Oyoo alilitaka hilo daraja la pili kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Nilidhani ni mambo ya wanaume na kelele. Siku moja tukinywa chai kwenye kibanda cha nyuma ya kituo, nikamchokoza.

"Mzee, hiyo king'ora unaitakia nini? Si ukae tu na gereji yako, hakuna mtu anakusumbua."

"Si king'ora," akasema. "Hiyo gari haitoki bila watu. Dereva na wengine watatu. Ni lazima."

"Na hao watu ni wa nini?"

Akafikiri. "Wakae tu," akasema. "Hata wakiongea na simu zao, ni sawa."

Nilikuwa na mzaha mdomoni tayari. Nikaumeza na chai.

Katika mafunzo yetu kuna desturi moja ambayo mtu asiyeijua atadhani tumerukwa na akili. Dereva anatakiwa kusema kwa sauti kila anachokiona barabarani, tangu anapowasha gari hadi anapolizima. Naona bodaboda kushoto, hana habari nami. Naona mkokoteni mbele, napunguza mwendo. Naona mtoto na mpira, natazamia atavuka. Mwalimu hawezi kuingia ndani ya macho yako, kwa hiyo unayatoa macho yako kwa mdomo. Ukinyamaza, kwake ni kama umefumba. Na hatufanyi mtihani mmoja mmoja faraghani. Tunapanda gari moja na mwalimu, mmoja anashika usukani na mwingine anangoja zamu yake nyuma.

Kwa hiyo nilikuwepo Oyoo alipofanya mtihani wa kwanza. Aliendesha vizuri mno. Gari lilienda kana kwamba barabara yote ni lami mpya. Lakini hakusema neno. Sajini Kuria, mwalimu wetu, alikuwa amebanana nami kiti cha nyuma, akawa anakohoa ili kumkumbusha. Oyoo alifungua mdomo, akaufunga. Mtu aliyeishi miaka minne bila wa kuongea naye, maneno hayaji kwa sababu tu serikali imeyaitisha. Tuliporudi, Inspekta Lornah, mtahini kutoka makao makuu aliyekuwa amekaa mbele, mwanamke asiyecheka akiwa kazini, alifunga kalamu yake.

"Umeendesha poa, mzee," akasema. "Lakini sijasikia kitu. Siwezi kupitisha kitu sijasikia."

Nilimnunia Oyoo njia nzima ya kurudi nyumbani, kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka, ingawa zamu yangu ilikuwa imesogezwa hadi mtihani uliofuata. Kuria hakununa. Alimwambia, "Enda fanya mazoezi kwa nyumba. Sema kila kitu unaona. Kama ni sufuria, sema sufuria."

Na jioni hiyohiyo, nikipepeta maharagwe, nikaisikia sauti ukutani. Ilikwaruza kama bawaba ya mlango wa zamani.

"Naona jiko. Naona sufuria, ni safi. Naona viatu mlangoni. Ninazunguka viatu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kesho yake aliendelea, na keshokutwa. Asubuhi alipita kando ya machinjio akisema kwa sauti, "Naona mbuzi, hawajaamua kama watavuka. Naona mwenye mbuzi anaongea na simu," na wachinjaji wakawa wanampigia makofi. Sauti yake ikalainika. Akaanza kunijibu salamu. Mimi nikaanza kuringa, maana hii ilikuwa kazi yangu.

Kisha jioni moja nikasikia, "Naona Peres anaosha vikombe."

Nilikaa chini, juu ya gunia.

"Naona amechoka leo," Oyoo akasema upande wa pili, polepole, kwa ile sauti yake ya barabarani. "Naona amevua viatu. Ninamwachia kiti."

Sikwenda kugonga mlango. Ningemwambia nini? Kwa miaka minne nyumba ile haikuwa na watu wawili, na sasa ilikuwa nao. Nilipika ugali wangu, nikala nikiwasikiliza. Niliogopa, nakubali, lakini pia nilifurahi, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Mtihani wa pili, ule wa mwisho, ulifanywa asubuhi ya siku kavu. Mimi nilikuwa nimetangulia kuendesha na nimepita, kwa hiyo nilikaa nyuma na Sajini Kuria nikijiona mtu mkubwa. Inspekta Lornah alikaa mbele kushoto na kalamu yake. Oyoo akawasha gari, na maneno yakatoka.

Aliendesha na kuongea kama mtu anayeimba wimbo wa kanisa asiohitaji kitabu. Kilimani aliona kila kitu: mlinzi anayefungua geti la ghorofa kabla hata geti halijasogea, dereva wa teksi anayesoma simu, msichana aliyeziba masikio kwa muziki na kukanyaga barabara bila kutazama. "Huyu hatanisikia, kwa hiyo mimi ndiye nitamsikiza," akasema, akapunguza mwendo, na kweli msichana akavuka bila kugeuza shingo. Lornah aliandika. Kuria alinibonyeza mbavu kwa kiwiko. Tuliingia Upper Hill, magorofa ya benki yakiwaka jua kila upande, na mimi tayari nilikuwa nimemwona Oyoo kwenye gari la king'ora, vijana watatu wakimpigia kelele pembeni.

"Naona kituo cha basi kushoto," akasema. "Naona basi limesimama, taa za kando zinawaka. Naona mama mbele ya basi, ana kitambaa cha kijani. Anataka kuvuka aje kwetu. Napunguza mwendo."

Akapunguza hadi karibu tusimame. Nyuma yetu mtu akapiga honi. Lornah aliinua kichwa, akatazama mbele ya basi, akatazama kando yake. Mimi pia nilitazama, na tayari nilijua. Palikuwa na lami, palikuwa na ukingo wa barabara, na hapakuwa na mtu yeyote.

"Mama yupi?" Lornah akauliza.

Oyoo alikuwa bado anatazama mbele ya basi. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, sawasawa kama inavyotakiwa.

"Nimemwona, afande," nikasema kutoka nyuma. "Amezunguka nyuma ya basi."

Sikufikiri. Maneno yalijitokea yenyewe. Lornah akageuka akanitazama kwa muda, kisha akageukia mbele tena, akashusha kalamu karatasini. Yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni Oyoo kukanyaga mafuta na kusema jambo lolote, naona taa, naona mti, na daraja la pili lilikuwa lake. Moyoni nilimwambia, sema, mzee, sema hata uongo.

Oyoo akawasha taa ya kushoto, akapita basi, akaegesha gari kando, akavuta breki ya mkono. Alifanya yote hayo kwa utaratibu.

"Hapana, Mwihaki," akasema.

"Mzee, si nimesema nimemuona—"

"Hapana." Akamgeukia inspekta. "Hakuna mama hapo, afande. Huyo ni bibi yangu. Alikuwa ananingojea hapo jioni. Mimi nimemwona, lakini hayuko." Akatazama kioo cha nyuma. "Nikikubali eti amezunguka nyuma ya basi, itabidi nimngojee. Na nimengoja sana. Peres alikufa, afande."

Katika miaka yote minne sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Kwa majirani alisema amelala. Kwa binti yake, simu ikiwa imewekwa kwa sauti, alisema mama yako, kana kwamba ameenda dukani. Sasa alikuwa amelisema mchana, kwenye gari la serikali, mbele ya mtahini.

Lornah aliikunja karatasi yake mara moja, akaikunjua.

"Pole sana, mzee," akasema. Sauti yake haikuwa ya kazini. "Lakini unajua siwezi kukupatia king'ora. Ukimpisha mtu hayuko, yule ako nyuma yako anakugonga."

"Najua, afande. Hata mimi nisingejipatia."

"Afande, huyu anaendesha kutushinda sisi wote!" nikapiga kelele. "Huyo msichana wa masikio, nani mwingine alimuona? Mimi sikumuona!"

"Wewe nyamaza," Lornah akasema bila kugeuka, "kabla sijakuuliza umeona nini hapo nyuma ya basi."

Kuria alitazama nje ya dirisha, akijifuta uso kwa kofia. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Lornah kwa kuwa na haki, na serikali kwa zile nafasi zake mbili, na Oyoo zaidi ya wote, kwa kuukataa uongo wangu mzuri. Leo mimi ndiye ninayeendesha gari la king'ora, na watu watatu wanaobishana juu ya mpira kutwa nzima, na yeye bado anapeleka magari gereji peke yake. Hasira ile haijaisha vizuri.

"Bado unaweza kuendesha?" Lornah akamuuliza. "Ama Sajini achukue?"

"Naweza."

"Basi turudi. Na uendelee kusema. Sheria ni mpaka gari izimwe."

Oyoo akaachilia breki. Akatazama kioo, akatazama begani, akaliingiza gari barabarani taratibu.

"Naona barabara iko wazi," akasema. "Naona basi linaondoka kituoni. Nimetazama kituo. Hakuna mtu." Sauti ilishuka, akaipandisha tena. "Naona magari yamesimama mbele, taa nyekundu. Naona bodaboda kulia, ana haraka. Naona..."

Lornah alisubiri. Kisha Oyoo akasema, kwa sauti ileile ya mazoezi, akihesabu hili pia kama jambo la barabarani ambalo dereva hapaswi kulificha:

"Nina machozi, afande. Naona kwa shida. Napunguza mwendo. Nawasha taa ya kushoto. Naegesha kando, nangoja mpaka nione vizuri."

Akaegesha. Lornah akaweka kalamu chini. Hakuna aliyemwambia afanye haraka, na sote tukakaa.