Sensa ya Mto

Mama yangu hakuwahi kununua mchele bila kung'ata punje. Muuzaji angeapa kwamba mchele ni wa msimu huu na umekauka vizuri, mama angemsikiliza mpaka mwisho, kisha angetia punje mdomoni na kuivunja kwa meno ya nyuma. Nyumbani kwetu Ifakara kuamini upesi kulihesabiwa kama uvivu. Nilipoanza masomo ya elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi, nilikwenda na tabia hiyo, nayo ikaniletea shida tangu wiki ya kwanza.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa mwili mdogo na sauti kubwa. Siku ile alichora ubaoni mlima mmoja laini, kisha juu yake akachora ngazi.

"Dunia inakwenda kama mlima," alisema. "Joto haliruki. Maji hayaruki. Yanapanda polepole na kushuka polepole. Lakini kompyuta haijui mlima, inajua ngazi tu. Kazi ya hii chipu niliyoshika ni kuuchonga mlima uwe ngazi."

Akatueleza inavyofanya. Umeme wa kipimo ukiingia, chipu inajiuliza: umezidi nusu? Ikiwa ndiyo, inaandika moja. Ikiwa hapana, inaandika sifuri. Kisha inaligawa tena eneo lililobaki katikati na kuuliza tena, na tena, mpaka maswali kumi yaishe. Mwisho kuna mstari wa sifuri na moja, na huo ndio namba.

Nikanyoosha mkono. "Na kilicho katikati ya kidato na kidato, mwalimu, kinakwenda wapi?"

"Kinapotea. Ukitaka kisipotee sana, ongeza vidato."

"Na hiyo nusu, ni nusu ya nini?"

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Nusu ya umeme tunaoipa chipu iwe rula yake. Tuseme volti tano."

"Na rula yenyewe inapimwa na nani?"

"Binti," alisema, "wewe ungefaa uhakimu." Akaendelea na somo.

Mwaka wa mwisho alinipa mradi ambao wenzangu waliukimbia kwa sababu ya matope. Tulitakiwa kutengeneza kifaa cha kupima kina cha mto na kutuma namba kwenye simu, ili watu wa bondeni wajue mapema mafuriko yakija. Alinichagua mimi kwa kuwa mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akilima mpunga Michenga, kando ya mkono wa mto ambao humwagika kila masika.

Tulikifunga wakati wa kiangazi. Tulisimamisha bomba la chuma ukingoni, tukateremsha waya mweusi mpaka chini ya maji, na juu tukaweka kisanduku chenye kioo kidogo cha sola na antena. Watu wakasogea kutazama. Mjomba akaniuliza mbele yao ndani kuna nini, nami, kwa fahari ya kujua, nikajibu:

"Humu kuna betri na chipu. Na huko chini majini kuna sensa."

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua.

"Sensa?" mjomba aliuliza. "Sensa ya nini?"

"Ya maji, mjomba."

"Maji nayo yanahesabiwa?"

Kuna waliocheka, lakini si kicheko cha furaha. Siku hizo maneno ya mipaka ya hifadhi na vigingi vyake yalikuwa hayaishi bondeni. Kila aliyekuja na kifaa alitazamwa kama mtu aliyekuja kuwaondoa watu, na mimi nilikuwa nimetamka kwa mdomo wangu mwenyewe neno ambalo kila mtu alilijua: sensa ni kuhesabu watu, na baada ya watu, mifugo. Nilijaribu kueleza kwamba kwa mafundi ni jina la kitu kinachohisi uzito wa maji, lakini hakuna aliyesikiliza. Neno lilikwisha ondoka ukingoni na kwenda vijijini kabla sisi hatujakusanya vyombo vyetu.

Niliporudi kukikagua, nilimkuta mfugaji mmoja amesimama mbele ya kisanduku, fimbo begani, anakitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Alikuwa Msukuma wa makamo. Alihamia bondeni na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa kabla mimi sijazaliwa, na bado watu walimwita mgeni. Kila asubuhi alinywesha pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sensa?"

"Siyo sensa ile, baba. Ni kipimo cha maji tu."

"Kinaona ng'ombe?"

"Hakina jicho."

"Hiyo antena inaongea na nani?"

"Na simu yangu."

"Na simu yako inaongea na nani?"

Nikaanza kueleza habari ya mtandao. Hakungoja nimalize, akaswaga ng'ombe wake.

Kisha namba zikaanza vituko. Ilikuwa kiangazi, hakuna mvua hata milimani, lakini kila asubuhi simu iliniambia mto umepanda. Mchana ukashuka. Kesho yake vilevile. Mwalimu alizitazama namba, akanitazama na mimi. "Lehemu yako imeachia mahali," alisema. Alishuku mkono wangu. Mimi nilishuku kwamba kuna mtu anauchezea waya, na nilipompigia mjomba kumwuliza kama ameona mtu pale, nilisikia sauti yake ikibadilika.

"Asubuhi?" aliuliza. "Kila asubuhi? Si ndiyo saa anayonywesha yule?"

"Ng'ombe hawawezi kupandisha mto, mjomba."

"Wanakanyaga waya wako. Au anauvuta yeye mwenyewe. Mtu anaogopa kuhesabiwa, unategemea nini?"

Sitaficha kwamba maneno yale yaliniingia. Yalikaa vizuri mno, saa kwa saa. Lakini siku chache baadaye mama aliniambia kwamba mjomba na wenzake wamekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wanataka mfugaji akatazwe kunywesha pale, na kwamba nitaitwa mkutanoni na simu yangu kama ushahidi. Hapo shaka yangu ikageuka. Nilikumbuka ule ukanda wa majani kati ya shamba la mjomba na mto, ambako ng'ombe walipita. Tangu nikiwa mdogo nilimsikia akisema pale pangetoa mpunga mzuri kuliko shamba lake lote. Sasa nilikuwa na watu wawili wa kushuku, na mmoja alikuwa damu yangu.

Siku moja kabla ya mkutano nilichukua bodaboda alfajiri na mita yangu ya umeme mkobani. Nilipofika mtoni nilipaka alama kwenye bomba, pale maji yalipogusa, kwa rangi ya kucha. Mfugaji akatokea na kundi lake. Aliwasimamisha ng'ombe mbali.

"Leo umekuja kunihesabu mwenyewe," alisema.

"Nimekuja kukikagua hiki. Naomba, baba, wasiingie majini mpaka nikuambie."

Alinitazama, akautazama na mkoba wangu. Nadhani alipima kama ni mtego. "Watangoja," alisema mwishowe. "Na mimi nitakaa hapa nione unachofanya."

Tukakaa, yeye upande mmoja wa bomba, mimi upande mwingine, tukiikodolea macho alama ile nyekundu. Simu ikalia. Namba ilikuwa juu, kama kila asubuhi. Jua likachomoza, likakipiga kile kioo cha sola, namba zikaanza kushuka. Maji yalikuwa palepale kwenye rangi.

"Hayajasogea," alisema.

"Hayajasogea."

"Na simu inasemaje?"

"Inasema yameshuka."

"Basi kinadanganya."

Nilifungua kisanduku, nikagusisha mita kwenye waya unaotoka majini. Umeme wake ulitulia, haukupanda wala kushuka. Nikagusisha kwenye betri. Betri ilikuwa imechoka, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo ilivyopata nguvu, na kadiri ilivyopata nguvu ndivyo namba zilivyoshuka. Tulipokitengeneza kifaa tuliiachia chipu itumie betri yenyewe kama rula. Usiku kucha betri ilitumika kutuma ujumbe bila jua, ikapungua, na rula ikasinyaa nayo. Nusu haikuwa tena nusu ileile.

Nilimweleza mfugaji kwa namna niliyoweza. "Ukipima kitenge kwa mkono wa mtu mzima, halafu ukakipima kwa mkono wa mtoto, kitenge ni kilekile. Lakini kwa mtoto utahesabu mikono mingi zaidi."

Alifikiri. "Na huo mkono, nani anaufupisha?"

"Usiku. Hakuna jua la kuijaza betri."

"Hm," alisema. Akawapigia ng'ombe mluzi wakaja kunywa. Hakuniambia kama ameamini.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Mjomba alisimama, akaongea vizuri, yeye ni msemaji. Akanyoosha mkono upande wangu na kusema mtoto wetu msomi ana namba. Nilisimama nikasema namba zipo, lakini haziwezi kumshitaki mtu yeyote, kwa sababu kosa ni la kifaa. Nikaeleza habari ya betri. Mjomba akauliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu:

"Kama kilikosea asubuhi, nani anajua hakikosei mchana?"

"Hakuna anayejua, mjomba, mpaka aende kuutazama mto."

"Basi kina faida gani?"

Watu wakaguna kwa kumkubali. Mwenyekiti akafunga mkutano bila uamuzi wowote. Mfugaji, aliyekaa mlangoni wakati wote, aliondoka bila kunitazama. Nje mjomba alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Umemsemea mtu wa kuja mbele ya watu wako." Siku hiyo niliondoka Michenga bila hata samaki mmoja wa kumpelekea mama, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilipompa mwalimu habari, alifungua droo, akatoa kipande kidogo chenye miguu mitatu. Kazi yake ni kutoa umeme usiobadilika hata betri ichoke vipi. Hicho kikawa rula yetu mpya. Habari ya lehemu yangu hakuitaja tena. Mimi niliongeza jambo moja: kila ujumbe uje na volti za betri pembeni ya kina cha maji, ili namba ikija niione na hali yake.

Masika yakafika. Siku moja, jua likiwa kali mjini, kifaa kilianza kupanda. Kilipanda asubuhi, kikapanda saa sita, kikaendelea kupanda, na betri imejaa. Huko milimani kulikuwa kumefunga mawingu, weusi mtupu. Nikampigia mjomba.

"Nipo juu dunguni naamia ndege wasile mpunga," alisema. "Maji nayaona kwa macho yangu. Hayajafika hata kwenye majani. Hicho chako kimeanza tena." Akakata.

Muda kidogo simu ikaita kwa namba nisiyoijua.

"Fundi. Kinasemaje?" Nilimtambua mfugaji kwa lafudhi; namba yangu tulikuwa tumeiandika kwenye kisanduku.

"Kinapanda tangu asubuhi, baba."

"Na betri?"

"Imejaa."

"Umeipima wewe, au imejisema yenyewe?"

"Imejisema yenyewe."

"Basi ngoja nikatazame kule juu."

Yaliyofuata aliyasimulia mjomba mwenyewe. Aliona kundi zima la ng'ombe likipita pembeni mwa shamba lake kuelekea barabara kuu, saa ambayo ng'ombe huwa wanalisha. Akashuka dunguni na panga mkononi kwenda kugomba. Mfugaji akamwambia kuwa mto unakuja, kwamba ameuona kule juu umebeba magogo. Mjomba hakumwamini. Lakini aliwatazama ng'ombe wale wakipita, kundi lote, na ndama, na mwanamke juu ya mkokoteni na masufuria, akajiuliza ni mtu gani anahamisha mali yake yote kwa ajili ya kudanganya. Akaenda kumwita mke wake. Magunia yao yalibebwa na mkokoteni wa pili wa mfugaji. Kesho yake shamba lilikuwa ziwa.

Walikaa kwetu Ifakara, mjomba na mkewe na watoto na kuku, mpaka maji yalipopungua. Jioni moja mjomba alikuwa amekaa kibarazani na mama.

"Mtu hakubebei magunia bure," alisema. "Utaona. Atautaka ule ukanda wa majani."

"Ameuomba?" mama aliuliza.

"Bado."

Mimi nilikuwa nakoroga uji. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimeliwaza. Mpaka leo hajauomba.

Kisanduku chetu kilichukuliwa na maji, bomba likabaki limepinda kama kidole. Wako waliosema kimeibiwa katika vurugu zile, na walitaja jina la mfugaji. Tulipokwenda kufunga kingine, mjomba alitaka kikae upande wake, ambako, alisema, kitakuwa salama. Mfugaji alisema kama ni hivyo afadhali kisiwepo. Mwalimu alikasirika, mimi sikukasirika. Tulikifunga kwenye nguzo ya daraja, katikati, tukachora mistari ya rangi kuanzia majini mpaka juu, minene, inayosomeka kutoka kila ukingo. Nasikia hupita pale wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wanasoma mistari, kisha wananipigia kuniuliza simu yangu imesemaje.