Mafuriko ni ya Kyela

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, nikitegemea kupewa meza. Meneja wa tawi letu la bima pale Makandana alivitazama, akacheka, akaninyooshea mabuti ya mpira. "Nyumba za Tukuyu zinakaguliwa mvua ikinyesha," alisema. "Jua likiwaka, kila nyumba ni nzuri." Mvua nayo ilikuwepo, kama kawaida yake, na kabla ya saa nne nilikuwa nimelowa chapachapa.

Kukagua ni kuizunguka nyumba kabla haijakatiwa bima, kuona nini kinaweza kuidhuru, kisha kuandika ripoti. Na hapa vijana mnielewe, maana jambo hili huwachanganya hata wenye digrii: bima ya moto, ile benki wanayokulazimisha ukikopa, mara nyingi haihusu mafuriko. Mafuriko yana nyongeza yake, karatasi inayoambatishwa kwenye hati ya bima na kulipiwa kando. Usipoichukua, siku maji yakiingia sebuleni hiyo hati utaitazama tu.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, chini ya Mkuu wa Madai, mama mmoja mkali aliyesoma kila faili mpaka nukta ya mwisho. Ndiye aliyenifundisha sharti la mitaro: mwenye nyumba aiache wazi. "Akiiziba mwenyewe, fidia hapati," alisema. "Na wewe ukiandika usichokiona, unamponza yeye." Niliitikia kwa adabu zote. Kisha nikarudishwa Tukuyu, na huko ndiko nilikochemka.

Mwalimu Atupele alikuwa mjane, mstaafu, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma kule Ibighi, chini kidogo ya barabara. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye kuta zile. Nilipomtajia nyongeza ya mafuriko alinihurumia.

"Baba, mafuriko ni ya Kyela. Huku mlimani maji hayakai, yanapita."

"Yanapita wapi, Mwalimu?"

"Yanakojua yenyewe."

Nikavaa mabuti, nikazunguka nyuma. Maji ya barabara yalikuwa yanateremka moja kwa moja kuelekea mlango wa jikoni, na mtaro uliopaswa kuyakinga ulikuwa umejaa magimbi, yamestawi kwelikweli. Wengi wetu hufanya hivyo. Palipo na unyevu, gimbi linakwenda, na nani atauacha mtaro mzuri namna ile ukae bure? Nikamwambia ayang'oe.

"Gwe! Hayo ndiyo chai yangu ya asubuhi!"

Tulibishana hadi mvua ikakatika. Mwisho akasaini nyongeza, akasaini na sharti la mtaro, akaniambia niende salama kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi. Nilipaswa kurudi baada ya wiki nihakikishe. Sikurudi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na foleni ya wateja, nikaandika kwenye ripoti: mtaro uko wazi.

Masika yaliyofuata maji yalishuka asubuhi moja, yakavunja mlango wa jikoni, yakaangusha ukuta wa nyuma na kujaza tope vyumba vyote. Mwalimu alinusurika kwa sababu alikuwa kanisani. Mkadiria hasara, yaani mtaalamu anayepima uharibifu na kutafuta chanzo chake, alitoka Mbeya na ripoti yangu mkononi. "Tuanze na mtaro," alisema.

Sijawahi kuogopa namna ile. Kama magimbi yapo, mama huyu amebaki bila nyumba, na aliyemmaliza ni mimi. Nilitembea nyuma ya mkadiria.

Mtaro ulikuwa mweupe. Hakuna gimbi hata moja. Yote yalikuwa yamehamishiwa juu, kando ya migomba, na majani yake yalionyesha yako pale siku nyingi. Mkadiria alipanda hadi barabarani, akakuta kalvati limezibwa na migomba iliyoletwa na maji kutoka mashamba ya juu. Akaandika, akapiga picha, akafunga daftari. "Mteja hana kosa," alisema. Nilishukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka.

Fidia ilitoka, ukuta ukasimama tena, na Mwalimu yumo humo mpaka leo. Nilipompelekea barua ya malipo nilimuuliza aliyang'oa lini.

"Siku ileile ulipoondoka. Nilikuwa nimesaini." Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake. "Wewe uliporudi kukagua sikuwepo, au?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Sikurudi, Mwalimu," nikamwambia.

Akasogeza kiti. "Ndaga, asante kwa kusema kweli. Kaa ule."

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini wakiniuliza nimeokoa nyumba ngapi kwa bima, nawajibu kwamba hiyo ya Ibighi iliokolewa na mwenyewe, na akaniokoa na mimi.