Mwanya wa Dada

"Sivai," dada yangu alisema, akayasukuma yale meno mezani kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. "Hayo ya mtu mwingine. Yangu yalikuwa na mwanya."

"Bibi, mwanya ni kasoro," mjukuu wetu akajibu. "Huko Ulaya watu wanalipa wazibwe, wewe unataka nikuchongee?"

Walikuwa wakivutana tangu asubuhi, humo katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada, ambacho mjukuu amekigeuza karakana. Anatengeneza meno ya bandia, na mtaa mzima unamwita Fundi Meno. Ufundi anao, siwezi kumnyima haki yake. Mpelekee mdomo mtupu kama mfuko, atakurudishia mdomo wa kuvunja mifupa. Shida yake ni ile picha ya ukutani: mwanamke wa Kizungu anacheka, meno yamepangana kama vigae vya bafuni. Uende na uso mrefu, uende na uso wa duara, utatoka na meno ya yule mama.

Sasa mtaa umekuwa na mdomo mmoja. Seremala, muuza mkaa, mama mkwe wa muuza mkaa, wakicheka utadhani wametoka tumbo moja. Umeme ukikatika hatuhangaiki na mishumaa. Tunamwomba seremala apige miayo, tunafika nyumbani salama. Na Fundi mwenyewe alizaliwa na mwanya, karithi kwa huyuhuyu bibi yake. Akauziba. Tangu hapo anacheka kwa uangalifu, kama kabeba yai mdomoni.

Mwanya wa dada nyie hamkuuona. Enzi zake akicheka barabarani, wanaume wanagonga nguzo kwa baiskeli. Nguzo moja waliigonga mpaka ikainama, na mpaka leo imeinama, nendeni mkaitazame. Akipiga mluzi kupitia pale katikati, mbuzi wa kilima cha pili wanaacha majani wanakuja. Shemeji yangu aliwaacha wasichana ambao baba zao wana mashamba, akamfuata huyu, na sababu hakuificha.

Halafu shemeji akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili yakawa kama maziwa. Miaka hiyohiyo ambayo haoni, meno ya dada yakadondoka moja baada ya jingine. Majuzi wamempasua, jana wakamfungua bandeji, naye akapiga simu toka hospitali, akamwambia mkewe kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni ule mwanya. Na leo hii mwanawe ndiye anayemleta nyumbani. Ndiyo maana dada hakuwa na mchezo.

Fundi alimweleza kwa upole wa mtaalamu. Alisema hawezi kutoa kazi yenye tundu katikati, watu watadhani alikosea kupima, wateja watamkimbia. Akamwonyesha picha ya ukutani, akamwuliza kama anaona tundu pale.

"Huyo babu yako hakumuoa," dada akasema, akajifunika mdomo kwa mtandio. Nikaona mabega yanatikisika. Dada yangu halii ovyo. Siku alipovunjika mguu aliitukana ngazi, basi. Hapo nikaona niingie.

Kwenye benchi la wateja kuna rundo la magazeti ya mitindo kutoka nje. Kusoma sijui, lakini picha tunaelewana. Nikamtafuta mrembo anayecheka, nikachopoa wanja kwenye mkoba wa dada. Mstari mmoja, katikati ya meno mawili ya juu. Nikafunua mbele, nikampata wa pili.

"Mume wangu," nikamwita Fundi, maana mume niliyebakiwa naye ndiye huyo, "hebu nisaidie macho. Hawa Wazungu nao wana kasoro?"

Akaja, akatazama, akalipeleka gazeti dirishani. Akafunua, akamkuta wa pili, mwanya wake mpana kuliko wa kwanza, maana mkono ulikuwa umeshazoea.

"Kumbe ndio mtindo mpya," akasema taratibu.

Nikamwambia mimi mzee, mambo ya mtindo nitayajulia wapi. Hakunisikia. Alikwisha kuyabana meno ya bibi yake mezani, kashika tupa nyembamba, unga mweupe unaruka. Huku anachonga anatuhubiria: mwanya unaupa uso uhai, unalainisha taya, siku nyingi alikuwa akilihisi jambo hilo. Akamlaumu bibi yake kwa kushikilia habari za ujana badala ya kusema mapema kwamba huko nje mwanya umeshaingia. Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Alipomaliza, dada akayanyakua na unga wake, akageukia ukutani kuyavaa. Fundi akasimama mbele ya kioo, akawa anaukwangua kwa ukucha ule mwanya wake uliozibwa, akatuuliza kama tunadhani unaweza kuzibuliwa. Akalichukua gazeti tena ili alinganishe. Akapitisha kidole gumba juu ya yule mrembo. Akakitazama kidole, kimekuwa cheusi. Akaitazama picha, mwanya haupo.

"Bibi," akaniambia, na sauti haikuwa ya mume tena, "huu si ni wanja wa..."

Mlango ukasukumwa. Shemeji akaingia, mkono begani kwa mwanawe, miwani ya giza kaishika badala ya kuivaa. Akatutazama mmoja mmoja, bila haraka, mpaka akafika kwa mkewe.

Dada akashusha mtandio.