Sauti Ilipozama Juu ya Hombo

Ile siku ya Hombo naikumbuka hata leo, mjukuu wangu, kuliko siku ya harusi yangu, na babu yako asinisikie. Nilikuwa msichana wa Karuba, nimetoka kwenye mashamba ya maharagwe ya baba, nikapata kazi ya foni katika kituo cha afya kule Hombo. Foni ndiyo redio ile ya kuongea na watu wa mbali. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Aliyenifundisha alikuwa Papa Bahati, fundi mzee mwenye sauti ya chini.

Mvua ya radi ilikuwa imepiga msitu wa Walikale tangu asubuhi, na barabara imekatika. Mchana Mama Furaha, mkunga wetu, alikuja mbio, mikono imelowa damu. Mama mmoja, Riziki, alikuwa amejifungua mtoto mzima, lakini damu haikatiki.

“Ita munganga wa Walikale! Muulize kama nimupige sindano ile ya kukaza tumbo. Presha yake iko juu, naogopa itaipandisha zaidi.”

Nikaita. Daktari wa hospitali ya Walikale akaitika vizuri kabisa, kisha sauti yake ikaanza kuzama, ikapanda, ikazama tena. Nikapiga kelele. Nikazungusha vitufe vyote vya ile mashine. Papa Bahati akanishika mkono.

“Binti, unapigana na nani? Mashini iko muzima. Ni kule juu njo kunatikisika.”

Alikuwa amekwisha kunieleza, ila siku ile ndipo nilipoelewa. Sauti ya foni haipenyi milima. Inapanda, inapita mawingu, mpaka mahali ambapo jua hupasua hewa na kuacha elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zikielea. Hizo ndizo zinazoirudisha sauti chini. Sasa dhoruba ikisukuma hewa kwa nguvu, mawimbi ya hewa hupanda mpaka huko, yakazisonga chembe hapa na kuzitawanya pale. Sauti hupotea, kisha hurudi wimbi likipita. Leo ninyi mnayaona mawimbi hayo kwa satelaiti, huko chuoni Goma. Sisi tuliyasikia kwa masikio.

Ghafla sauti ikapanda: “...mupatie hiyo sindano...” Ikazama.

Mama Furaha alikuwa mlangoni, sindano mkononi. “Amesema nimupatie!”

“Mama, ngoja. Mwanzo wa neno sikuusikia.”

“Muntu anakufa, weye unatafuta mwanzo wa neno?”

Alinizidi umri na kazi, lakini nikashikilia foni. Papa Bahati akamwambia, “Mama, rudi umukande tumbo, usiache. Wimbi litapita.”

Akarudi, analia kwa hasira. Mimi nikaviacha vitufe, nikasikiliza tu. Mngurumo wa foni ulipoanza kupungua nikasema kwa kifupi, “Munganga, rudilia. Sindano, ndiyo ao hapana?”

“Hapana! Musimupatie hiyo sindano, presha itamuua! Mupatie ile ingine, ya oksitosini. Na mumukande tumbo, musiache!”

Nikamrudishia maneno yake. “Njo vile!” akajibu, yaani ndivyo hivyo, na mimi nikakimbia.

Mama Furaha aliitazama ile sindano, akaiweka mezani polepole, akachukua ile ya oksitosini, inayokaza tumbo bila kupandisha presha. Tukakanda kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Damu ikapungua. Ikakata. Riziki akafumbua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi.

Ee mwanangu, furaha ile! Mama Furaha alinikumbatia akanizungusha kama mtoto mdogo. Mume wa Riziki alipiga magoti kwenye matope, kisha akainuka akacheza, na watu wa soko wakaja wakiimba nyimbo za kanisa. Papa Bahati, yule wa sauti ya chini, akashika foni na kupaza sauti: “Mama anaishi! Mutoto anaishi!” Na kila kituo kilichokuwa hewani, kutoka Walikale mpaka milima ya Masisi, kikaitika kwa vigelegele.

Kwa hiyo nakuambia: ukisikia nusu ya jambo, usiijazie nusu ya pili kwa hofu yako. Hata mkubwa wako akikuhimiza, omba neno lirudiwe, tena kwa heshima. Na unaposubiri, usikae bure. Fanya lile ambalo una hakika nalo.

Mungu akupe masikio matulivu, mwanangu. Aibariki kazi ya mikono yako, na nyumba yako isikose watoto wazima. Amina.