Viazi Nilivyopima Vilikuwa Vimeoshwa

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na sita, ni mzee wa kanisa hapa Kasese, na watu huniita mtu mkweli. Miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa bwana shamba upande wa Bwera.

Wakati huo wakulima wa milimani walinyunyizia viazi mviringo dawa ya unga ghalani, ili nondo wasivitoboe. Mimi nilitakiwa kujua ni dawa kiasi gani inaweza kubaki kwenye kiazi bila kumdhuru mlaji. Niwaeleze kidogo. Unachukua viazi ghalani jinsi vilivyo, maabara inapima dawa iliyobaki, kisha unawaambia watu wasubiri muda gani kabla ya kula. Hayo maneno "jinsi vilivyo" ndiyo kazi yenyewe.

Mama mmoja, nitamwita Biira, aliniletea kikapu cha viazi vinavyong'aa. Alikuwa amevisugua kwa maji, maana kwetu ni aibu kumkabidhi mgeni chakula chenye udongo. Nilipomuuliza, akacheka.

"Nikupe viazi na matope, bwana shamba, kwani wewe iko nguruwe?"

Wanawake waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka. Ghala lilikuwa mbali mlimani na gari la maabara lilikuwa linaondoka. Nikavipeleka vile vile. Dawa iliyoonekana ilikuwa kidogo mno, nikatangaza kwamba wiki tatu baada ya kunyunyizia zinatosha. Nami nilijua kwamba nyumbani watu huchoma viazi majivuni na maganda yake, bila kuviosha.

Biira alihesabu wiki zake tatu, akamchomea mama mkwe wake viazi vya ghalani. Yule bibi alitokwa na mate, akatapika, akatetemeka, akafa kesho yake. Siwezi kuapa, lakini dalili zile nilizisoma kwenye kitabu cha dawa hiyo.

Ukoo wa mume ulikaa kikao. Shemeji zake walidai amemtilia mkwe sumu. Mume wake akanigeukia.

"Bwana shamba, wewe ulisoma. Hata wiki tatu ikipita, ile dawa inaweza kuua mutu?"

Biira alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Kwa kipimo changu, hapana."

Alirudishwa kwao Munkunyu. Watoto wake wanne walibaki.

Mwezi uliofuata nilipanda mlimani mwenyewe, nikachukua ghalani viazi na vumbi lake. Dawa ilikuwa nyingi kupita kiasi. Wiki tatu nikazifanya miezi minne, nikaagiza viazi vioshwe na kumenywa, na wakubwa wakanisifu kwa uangalifu. Sababu ya mabadiliko hayo sikuiandika popote.

Sasa Biira ni kikongwe. Wanawe wanataka arudi, lakini wazee wa ukoo wanasema lazima kwanza akiri mbele ya watu kwamba alimlisha mkwe sumu. Nimeambiwa amekubali. Amesema, "Nitasema vile banataka, nione watoto wangu."

Ni Jumamosi hii. Mke wangu ananisihi ninyamaze, nisiwaachie watoto wetu uadui na ukoo ule. Mimi naogopa zaidi macho ya Biira.

Ndugu zangu, niende nikaseme kabla yake, au nifanyeje? Nishaurini. Ila asiniambie mtu kwamba hayo ni ya zamani. Kwa Biira ni Jumamosi.