Tai Wanaotazama Nyuma

Sogea kidogo, msikilizaji wangu, nikuonyeshe kwa mkono wangu mwenyewe. Hapa, chini ya bega, ndipo koti la mume wangu lilipokuwa na alama ya kitambaa, moja kila mkono. Kila alama ilikuwa na tai wa uzi mweupe aliyekunjua mabawa, kichwa kimegeukia upande mmoja.

Mume wangu alirudi Kishapu vita vilipokwisha. Hakuwa rubani. Katika kikosi chake cha anga aliondoa vizuizi vya magurudumu ndege zinapotaka kuruka, na kuvirudisha zikitua. Kamba ya vizuizi aliibeba bega la kushoto, ndiyo maana tai wa kushoto alichakaa bawa zima.

Tukasikia kuwa mgodi mmoja huko Geita unatafuta mlinzi wa kiwanja chake kidogo cha ndege, na msimamizi wake, askari wa anga wa zamani, anamtaka mtu aliyefanya kazi hiyo kweli. Siku hizo makoti ya jeshi yaliuzwa hata gulioni, kila mtu akajiita askari. Karatasi za mume wangu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Shahidi wake alibaki koti tu.

Basi nikazifumua alama zote mbili, nikalifua koti, nikamtilia yule tai aliyechakaa bawa jipya, kisha nikazishona tena. Jirani yangu akaja kutazama, akaniita mama kwa Kisukuma chetu.

“Mayu, huyo si tai. Ni kuku aliyenyeshewa.”

“Subiri akauke,” nikamwambia.

Asubuhi ya safari, lori likiwa limesimama barabarani, mume wangu alivaa koti, akatazama mikono yake, akaketi.

“Mama, umewageuza.”

“Nimewatazamisha mbele. Kwani wewe unakwenda wapi?”

“Hawa hutazama nyuma, wote wawili. Msimamizi akiwaona hivi atadhani nimelinunua gulioni.”

Nilimuuliza kwa nini watazame nyuma. Akasema kila mtu kikosini alikuwa na maelezo yake. Kwake yeye, waliobaki chini kazi yao ilikuwa kuangalia nani hajarudi.

Dereva akapiga honi. Jirani yangu alitoka na kibuyu cha uji, akamwendea.

“Kunywa kwanza, baba.”

“Nimechelewa, mama.”

“Kwa hiyo utachelewa na njaa pia?”

Dereva akanywa, na utingo wake akanywa. Mimi nikakata nyuzi, nikamhamisha tai wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, nikashona kwa mishono mirefu isiyo na aibu. Bawa jipya likarudi bega la kamba. Kumbe nilikuwa nimesahau ipi ni ya kushoto, nikakisia tu; hapo nikaona kwamba uchakavu wenyewe ungeniambia upande, laiti ningeutazama.

Mwisho wa mwezi mume wangu alirudi kunisimulia. Msimamizi hakuuliza karatasi. Alipitisha kidole kwenye uzi wangu mpya, akauliza bawa la zamani liliondolewa na nini.

“Kamba ya vizuizi, bwana.”

Yule bwana akacheka, akampeleka kumwonyesha kiwanja. Mume wangu alikilinda miaka mingi, nasi tukaishi vizuri.

Nimewafundisha wasichana wengi kushona, na hili huwaambia kabla ya lolote. Ukitaka kufumua alama za nguo, funga kwanza uzi mwekundu kwenye ile ya kushoto, ndipo ushike mkasi.